Kibali cha Mama Kesho

Viatu vya fundi cherehani havikuwa jozi moja. Mlinzi wa mlangoni ndiye aliyemwonyesha, kwa upole, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake kwamba zipu iko wazi. Fundi akaviangalia, kimoja cheusi, kimoja cha kahawia. Akasema asante, akaingia kupanga foleni.

Alikuwa amekuja kufuatilia kibali cha ukaazi cha mama yake. Ofisi hiyo ya uhamiaji aliijua kama jikoni kwake: benchi lenye ufa unaofinya mapaja, feni inayozunguka bila kuleta upepo, tangazo linalokataza watu kuuliza maswali dirishani. Zamani mama alikuwa akija naye, kabeba kiti chake cha plastiki. Makarani walimbandika jina la Mama Kesho, kwa sababu kila alipofika dirishani alijijibu mwenyewe kabla hawajafungua mdomo: najua, wanangu, kesho. Foleni nzima ilicheka.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alikuwa akiwaambia. "Mimi nimelima mpaka mpini umekatika, na bado ni mgeni."

Safari hii hapakuwa na kicheko wala kiti. Ijumaa mama angepandishwa ndege. Bwana mmoja wa ofisi nyingine, upande wa pili wa mji, alikuwa amemweleza fundi hivyo kwa sauti ya chini: asiye na kibali haruhusiwi kubaki, hurudishwa alikotoka, ndiyo sheria. Kibali kikitoka kabla ya hapo, aje nacho mbio. Fundi aliuliza mama atapokewa na nani kule, maana nyumba yao ilichomwa moto na waliomjua wote walikwishatawanyika. Bwana yule alijibu kwamba hilo halikuwa la ofisi yake.

Kaka yake, kwenye simu, alimshauri amwache tu aende. Mtu hashindani na serikali, na kwao ni kwao. Fundi hakubishana naye. Mama alikuwa amesema mara nyingi kwamba hahami tena, amehama vya kutosha, na fundi hakuona cha kuongeza hapo.

Hakuwa amelia. Alishona sare za shule za watoto wa watu, akala alichowekewa mkononi, akaitika alipoitwa.

Foleni ikasogea. Karani wa dirisha la tatu, kijana mwenye mafua yasiyopona, alinyoosha shingo kumtafuta yule mama nyuma ya fundi.

"Mama Kesho yuko wapi leo, dada?"

"Nimemwacha amelala."

Karani akasema afadhali, baridi hii si ya wazee. "Mfunike vizuri."

"Amefunikwa."

Kijana akapenga kamasi, akaanza kupekua kasha la kadi za vibali. Fundi alivitazama vidole vyake vikipita juu ya nyuso ndogo ndogo za watu. Kichwani hamkuwa na kitu, si dua, si hofu. Kadi ikatoka. Ilikuwa tayari tangu mwezi uliopita, karani alikiri huku akikwepa macho ya fundi. Anayepaswa kuwapigia watu simu alikuwa likizo.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Kadi huchukuliwa na mwenyewe, mkono kwa mkono. Karani akauliza kama mama hawezi kuletwa walau kwa teksi, amlinganishe na picha mara moja tu, kisha arudi zake. Fundi akasema hawezi. Aliishia hapo. Alijua akiongeza neno moja, mengine yote yatafuata.

Kijana alimtazama. Akageuka kuangalia mlango wa mkubwa wake, akakuta umefungwa. Akaisukuma kadi chini ya kioo.

"Mpelekee. Mwambie sasa atulie, hakuna wa kumhamisha tena."

Fundi akasema atamwambia.

Alipanda basi, akavuka mji amesimama, kadi ameifumbata kiganjani mpaka kingo zikamwachia alama. Bwana mwenye sauti ya chini alikuwa anakaribia kufunga ofisi. Aliisoma kadi mbele na nyuma, akalinganisha jina na la kwenye faili lake. Akainua simu, akafuta safari ya Ijumaa. Kisha akachukua funguo, akasimama.

"Basi atazikwa hapa hapa," alisema. "Utamwosha mwenyewe, dada, au tumwoshe sisi?"