Mkeka Uliokunjwa

Asubuhi ya nne ya msiba wa baba, jiko lilikataa kumwakia mama. Bangili yake ya serikali, inayovaliwa na kila mtu na kupima kukaa, kutembea na usingizi, ilikuwa imegeuka nyekundu. Mwenye nyekundu huhesabiwa kuwa karibu kupoteza kumbukumbu, na moto hapewi.

Mimi si mtu wa kubishana, lakini niliwapigia simu wasimamizi wa bangili.

“Mama yako amekaa tu siku tatu, na hajalala,” alisema afisa.

“Amefiwa na mumewe! Ulitaka aruke kamba?”

“Pole, dada. Bangili haijui msiba.”

“Basi muulizeni mwenyewe! Anakumbuka hata shati alilovaa baba siku walipoonana mara ya kwanza.”

“Kumbukumbu hatupimi, dada. Tunapima hatari.”

Nilikata simu kwa hasira. Chumbani, mkeka wa msiba ulikuwa umekunjwa. Mama alikuwa akikizunguka kitanda, kanzu ya baba begani, akihesabu hatua kwa sauti.

“Keti umlilie, mama,” nilimsihi.

“Nitamlilia huku natembea, mwanangu.”

Majirani waliokuja kuhani walisimama mlangoni. Wakatazama bangili zao, kisha mmoja mmoja wakaanza kumfuata.