Jina la Kirukanjia

Hebu niambie wewe, ukiokota kitu cha jirani yako, kisha kitu hicho kikaandikwa jina lako mbele ya dunia nzima, usingizi utakujia?

Theodosia wa Murungu haukumjia. Siku ya tatu akazitia zile karatasi kwenye mfuko wa nailoni, akazifunga ndani ya kitenge, akapanda basi la asubuhi kwenda Kasulu. Kurasa kumi na moja, picha ya fuvu dogo kama punje ya karanga, na juu kabisa jina la Kilatini lililoishia na la kwake: theodosiae.

Mambo yalianza mwaka juzi, mtafiti Asia alipokuja kutoka chuo kikuu akapanga chumba kwa mwenyekiti wa kijiji. Aliomba watu wamletee vijinyama wanavyovikuta mashambani: panya, fuko, popo, kirukanjia. Kila kimoja kifungwe uzi mguuni, na kikaratasi cha kusema nani kakikamata na wapi. Uzi aligawa mwenyewe, mweupe. Wiki hiyo ukipita kwa watu unakuta panya wamelazwa juu ya majani ya mgomba, wamepangwa kama samaki wa mnadani.

Alfajiri moja Theodosia akafungua mlango aende kuteka maji. Kwenye kinjia kinachotenganisha nyumba yake na ya Esteri akamkuta kirukanjia. Amekufa, amelazwa juu ya jani bichi, ile pua yake ndefu imemwelekea yeye, na miguu yote minne imefungwa pamoja kwa uzi mwekundu. Uzi huo aliujua. Ndio Esteri aliokuwa akifumia vitambaa vya makochi.

"Kamweka kwenye umande asioze," aliwaza. "Kukikucha anampeleka kwa Asia."

Angeweza kuita. Lakini hao wawili hawakuwa wakisalimiana tangu baraza la kijiji lilipompa Theodosia yale matuta matatu ya mihogo mpakani. Akaukata uzi mwekundu kwa meno, akautupa jikoni motoni, akafunga mweupe. Kwenye kikaratasi akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba: Theodosia, shambani kwangu.

Asia alimpokea kirukanjia, akampima, akamtia kwenye chupa ya spiriti, akaondoka.

Miaka miwili baadaye akarudi na karatasi.

"Bibi, katika vyote tulivyokusanya, ni huyu wako tu ambaye wataalamu hawakuwa wakimjua. Nimempa jina lako. Limeshatoka kwenye jarida."

Jumapili katekista akalitangaza kanisani. Wajukuu wakaringa shuleni. Nkunzimana wa dukani akawa haachi kumtania: "Mama kirukanjia, huyo mtoto pua kaitoa kwa nani? Maana marehemu mzee hakuwa nayo." Watu wakacheka, Theodosia naye akacheka, kisha akarudi nyumbani bila chumvi aliyoifuata.

"Na kama ndani kuna kosa?" alimwuliza Asia kabla hajaondoka.

"Maelezo yanasahihishika, bibi. Jina halifutiki. Tukifa sote bado ataitwa hivyohivyo. Mwezi ujao wenzangu wanakuja kumtafuta mwenzake. Wewe utawaonyesha ulipomkamatia."

Alipomkamatia. Theodosia angewaonyesha nini? Aliyejua mahali hapo ni Esteri, na Esteri siku hizi alikuwa anauguza mguu kwa binti yake, huko Kabanga, karibu na Kasulu.

Alimkuta amekaa mkekani, mguu umewekwa juu ya mto.

"Mwakeye, mama Bazilio."

"Mwakeye." Esteri alimtazama toka kichwani hadi kandambili. "Leo jua limechomoza wapi? Au umefuata tuta la nne?"

"Nimekuja kutubu."

Theodosia akaweka chini kilo mbili za sukari, akafungua kitenge, akazitoa karatasi. Akasema yote, kuanzia jani bichi mpaka uzi aliouchoma. Alisema akiangalia mkeka.

"Yule kirukanjia alikuwa wako, nami nilimwiba. Jina hili lilikuwa liwe Esteri. Niambie ulimkamatia wapi, nikamweleze yule binti ukweli wote, hata kijiji kizima kinizomee."

Esteri akazipokea karatasi. Akalifuata jina kwa kidole, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Na halifutiki?"

"Halifutiki."

"Hata siku ukifa?"

"Hata nikifa. Ndivyo Asia alivyosema."

Esteri akafumba macho, na machozi yakamtoka. Theodosia akaona kweli amemdhulumu mwenzake kitu kikubwa kuliko shamba. Akamsogelea akamshika mkono.

"Nisamehe, mama Bazilio. Kilikuwa kijicho tu."

"Usiniombe msamaha, mama Ndayikeza." Esteri akauchomoa mkono wake. "Mimi kwa huyo Asia sikuwahi kupeleka hata panya mmoja. Yule hakuwa wa Asia. Nilimlaza pale usiku kwa mkono wangu, nikamgeuza pua ielekee mlangoni mwako."

"Ili iweje?"

Esteri akangoja binti yake apite na ndoo ya maji, aingie ndani.

"Nilitaka ufe."