Bwana Harusi wa Kupimia Mwanga

"Simama kama bwana harusi, fundi, siyo kama mtu anayesubiri kung'olewa jino," mpiga picha alisema.

Seremala alijaribu. Alivuta tumbo ndani, akatoa kifua nje, vumbi la mbao likamdondoka mabegani. Pembeni yake alisimama muuza maua, aproni bado kiunoni, mkononi ameshika shada la majani matupu: kangaga, mkaratusi, na mtambaazi ulioning'inia hadi magotini. Ua hata moja hakuna. Hiyo ndiyo ilikuwa habari yenyewe: harusi ya kijani, ya mfano tu, ya kupigwa picha za kuwaonyesha wateja.

Maharusi wenyewe walikuwa wa kukodi, kijana na binti warefu kama nguzo za simu, na tangu asubuhi walikuwa chumba cha pili wakipakwa poda. Mpiga picha alitaka watu wa kusimama chini ya tao la mbao lililofunikwa majani apimie mwanga. Waliokuwa karibu ni aliyelipamba na aliyelipigilia misumari.

Na tao hilo halikuwa mchezo. Muuza maua alianza kulivisha mapema, ndani ya ghala lililowahi kuwa kiwanda cha soksi, na majani yalikuwa mengi kiasi kwamba mbuzi angepotelea mle akatoka na wajukuu. Maseremala walikuwapo watatu mtaa uleule. Yeye alimpigia simu huyu, wa upande wa pili wa mji.

"Huyo anajua mikono yangu inafika wapi," aliwaambia waliomuuliza. Na kweli, tao lilikuja na kimo chake sawasawa, bila mtu kumpima.

Sababu nyingine hakuisema. Alikuwa amejiapiza: leo, kabla ngazi haijapakiwa kwenye pikapu, fundi akisema neno, neno moja tu la kuonyesha kwamba anamtaka, yeye atasema ndiyo. Asiposema, basi. Mwanamke hawezi kukaa akisubiri kama mzigo uliosahauliwa stesheni.

"Sogeleaneni," mpiga picha alisema. "Bibi harusi, mshike mkono. Hauumi."

"Nani kakwambia," muuza maua alijibu, akaushika.

Alihamia upande wa kulia wa fundi bila kuambiwa, maana sikio la kushoto la mtu yule lilishakufa kwa kelele za msumeno. Akahisi kola ya fundi imepinda, akainyoosha huku macho yakiwa kwenye kamera. Fundi naye akamtoa jani kwenye nywele, akalitazama kidogo, akalitia mfukoni.

"Ehee," mpiga picha alisema. "Nyie watu wazima mna mambo."

"Piga picha, mwanangu. Shingo inaniuma."

"Shingo au moyo, mzee?"

Kule chumba cha pili watu wakachungulia, wakacheka. Muuza maua naye alicheka. Mkono wa fundi ulikuwa mkavu, mgumu, wa moto, na haukujivuta. Sema, alimwomba kimoyomoyo. Sema sasa hivi, tumesimama hapa.

Fundi alifungua mdomo.

"Mama Maua," alisema polepole.

"Abee, fundi."

"Huu mguu wa tao umekaa vibaya. Ngoja niuwekee kabari."

Akauachia mkono, akachuchumaa na nyundo yake.

Maharusi wa kukodi walikuja wakapigwa picha mia na ushee, wameshikana kama mbao mbili zilizokosa gundi. Mpaka majani ya kangaga yakaanza kujikunja ncha. Mpiga picha, akikunja nyaya zake, alimwita muuza maua kando na kumwonyesha kioo cha kamera.

"Katika zote, hii ndiyo nitaiweka mbele."

Ilikuwa ile ya kupimia mwanga. Yeye anatazama kamera, mkono kwenye kola. Fundi anamtazama yeye, na uso wake ni wa mtu aliyeona nyumba yake kwa mbali, njia ya kufika haioni.

"Mimi napiga harusi kila wiki," mpiga picha alisema, "na mabwana harusi wanaotazama hivi nawahesabu kwa vidole. Mkioana mniite. Picha bure, na naja na kiatu changu kizuri."

Fundi, aliyekuwa akipita na boksi la vifaa, alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi chenyewe kilivyohitaji.

Watu wakaondoka. Ghala likabaki na harufu ya mkaratusi na hao wawili. Fundi alipakia mbao, akapakia msumeno, akapakia hata vipande vya kabari ambavyo mtu mwingine angevitupa. Muuza maua alifagia majani. Alifagia mahali pamoja mara tatu, mpaka sakafu ikakaribia kuomba radhi. Ngazi ikapanda juu ya pikapu. Ikafungwa kamba, mafundo mawili, halafu la tatu.

Fundi alifungua mlango wa gari. Akaufunga tena. Akarudi ndani, kofia mkononi, akasimama mbele ya ufagio.

"Kuna kitu nimetaka kukuuliza tangu asubuhi," alisema. "Watu walikuwa wengi."

Muuza maua aliuegemeza ufagio ukutani. Akapangusa mikono kwenye aproni.

"Uliza."

Fundi aliizungusha kofia vidoleni, duara zima, akarudi alipoanzia.

"Kesho ni saa tatu au saa nne?"

Muuza maua alitazama tao. Kisha akamtazama yeye, na sauti ilipotoka ilikuwa tulivu.

"Saa tatu, chumba namba saba. Na uje na cheti chetu cha ndoa, kile chenyewe, maana hakimu amekataa kutuandikia talaka kwa nakala. Kipo kwenye droo, upande wangu wa kitanda."