Bata Suyin na Wasioitwa na Mtu

Pande zote mbili za mlangobahari mmoja waliishi bata waliosema Kichina kilekile, wakala wali uleule, na kila mwezi wa saba wakawalisha wafu wao. Bata Suyin wa upande wa bara, mwenye kujivunia kwao, aliolewa akahamia upande wa pili, kisiwani.

Mwezi wa saba ulipofika, ukungu uliufunika ufuko. Suyin akaandaa bakuli la wali, akamwita marehemu mama yake kwa sauti: "Mama Liyun! Njoo ule!"

"Nyamaza, mwanangu!" Mama mkwe wake, Ahkim, alimshika bawa. "Huku hatutaji majina. Tunasema 'ndugu wema', basi."

"Kwetu tunataja. Nyinyi mmesahau mila."

Ndani ya ukungu sauti ikaitika, "Abee, mwanangu. Nimekuja."

Suyin alifurahi, kisha manyoya yakamsimama. Sauti ile ilikuwa na lafudhi ya kisiwani, na mama yake hakuwahi kuvuka maji.

"Nani huyo?" akanong'ona.

"Ni aliyezama, asiye na wa kumlisha. Akisikia jina lolote hulivaa, apate kula."

"Na mama yangu je, nani atamlisha?"

"Wa kwenu, wanaomwita. Sisi huku tunawalisha wasioitwa na mtu."

Suyin akalisukuma bakuli hadi ukingoni mwa maji. "Ndugu wema," akasema, "karibuni."

Ikasikika midomo mingi ikila kwa pupa, na ufukoni hapakuwa na bata mwingine ila wao wawili.