Askari wa Mpakani

Teresiah, mlinzi wa ukumbi wa maonyesho pale Karama, ughaibuni, alirudi kutoka msalani akakuta askari wote wa Kirumi wamegeuka.

Vilikuwa visanamu vya bati, vifupi kama kidole, vimepangwa kandokando ya mto wa kioo kuwakabili maadui wa ng'ambo. "Jeshi lote walilipanga mpakani, ndani hawakubakiza mtu," madam, mwajiri wake, alishamweleza. "Akisogezwa hata mmoja, khalas, unarudi Kenya."

Mlango alikuwa ameufunga mwenyewe, na ufunguo bado ulikuwa mfukoni.

"Jamani, geukeni," akawanong'oneza, akimzungusha wa kwanza. "Adui yuko ng'ambo."

Yule askari akakaza miguu. Mkuki wake, mwembamba kama sindano, ulikuwa ukitetemeka, umeelekezwa nyuma ya bega la Teresiah.

Akamwachia. Kisha, polepole mno, Teresiah naye akageuka.