Kinyaa Chini ya Kikapu

"Unanuka," Kisiki alimwambia Mnara sikioni, kifua chake kikiwa kimegandana na mgongo wa mpinzani wake. "Mdomo wako unanuka matunda yaliyooza. Toka nje."

Mnara alishazoea. Kila mchezaji wa ligi alijua kwamba Kisiki hukaba kwa mikono, kwa miguu na kwa ulimi, na ulimi ndio mchafu kuliko vyote. Aliwahi kumnong'oneza mtu katikati ya mchezo kwamba nyumba yake inaungua. Yule bwana aliacha mpira, akakimbilia simu. Nyumba ilikuwa salama salimini, ila huku nyuma pointi zilikuwa zimeshaliwa.

Ukiuweka ulimi pembeni, kazi aliijua. Kumkaba jitu chini ya kikapu si urefu, wala si kuruka. Ni kuwahi mahali kabla mpira haujafika, kushusha makalio kama mtu anayetaka kukalia kigoda, kumwekea mkono kiunoni na kuusikiliza mwili wake. Jicho hudanganywa kwa danganya toto, kifua hakidanganyiki. Na zaidi ya yote, ni kutokuwa na kinyaa. Mechi nzima unaoga jasho la mtu mwingine, unameza pumzi yake, kikwapa chake kiko puani mwako. Wenye nguvu wengi walishindwa hapo hapo.

Msimu uliopita Mnara alikuwa hasukumiki. Ukimsukuma, unarudi nyuma wewe. Leo alipigwa kumbo akapepesuka. Kila mpira uliposimama alikimbilia chupa ya maji, akaimaliza, akaomba nyingine. Watangazaji walimsifu Kisiki mpaka sauti zikawakauka. Amemweka mfukoni, walisema, amefunga na vifungo.

Sifa hizo alizihitaji. Umri ulishamtupa mkono, mkataba wake ulikuwa unaisha na mechi hiyo, na kocha alimwambia wazi: ukimzuia Mnara unabaki, ukivurunda fungasha virago. Hata mama mkwe wake, ambaye hakuwahi kukanyaga uwanjani, safari hii alikuja, akakaa mstari wa mbele pamoja na binti yake, mke wa Kisiki.

Wakati wa mapumziko mtu mwenye akili angekaa, akanywa maji, akashukuru Mungu. Kisiki alivuka mpaka benchi la wapinzani kuendeleza uchafu wake.

"Mtoeni huyo," alimwambia kocha wa Mnara. "Mtakuja kumzika."

"Na nyumba yangu nayo inaungua?" yule kocha aliuliza, na benchi zima likacheka. "Nenda zako, bwana. Huna haya hata kidogo."

Akamfuata mwamuzi. Mwamuzi hakutaka kusikia. Alimwonya kwamba akimtishia mtu tena atamtoa.

Robo ya tatu haikuwa hata imechangamka. Timu ya Kisiki iliongoza kwa mbali na mpira ulikuwa upande mwingine kabisa wa uwanja. Hapo ndipo alipomkumbatia Mnara kiunoni kwa nyuma, wakaporomoka pamoja, yeye chini, Mnara juu. Kisha, Mungu apishe mbali, akajigeuza akamlalia. Waamuzi walimvuta fulana, wenzake walimvuta miguu, hakubanduka. "Machela," alikuwa akisema tu, kwa sauti ya mchinjaji anayeagiza beseni. "Leteni machela."

Ligi ile ina kanuni yake: anayetoka kwa machela hupelekwa hospitali moja kwa moja, na mechi kwake imekwisha. Kila mtu alielewa alichokuwa anakitafuta. Wabeba machela walipofika, Kisiki alimkamata mmoja wao kola akamwambia jambo sikioni. Yule mtu akamtazama usoni, akajipangusa sikio, wakaondoka na Mnara, ambaye hakuweza kuinuka.

Mwamuzi alimtoa Kisiki. Uwanja mzima ulizomea, chupa zikarushwa, na waliorusha nyingi ni mashabiki wa timu yake mwenyewe. Mama mkwe alijifunika uso kwa mtandio.

"Mwanangu, umeolewa na mnyama," alimwambia binti yake.

Inachefua, kusema kweli. Mechi iko mkononi, mkataba uko mkononi, mkwe anakutazama, na wewe unavitupa vyote chooni kwa sababu ya roho mbaya. Kuna watu hata ukiwaosha kwa mche mzima wa sabuni, maji yatatoka meusi tu.

Mechi ilipokwisha, kocha wake alimkuta chumba cha kubadilishia nguo, ameinamia sinki anasukutua mdomo.

"Tumeshinda," kocha alisema. "Na sitaki kukuona tena. Hata soksi zako hapo chini zinanitia kichefuchefu."

"Sawa, kocha."

"Hujitetei?"

"Ungeniamini?"

Kocha alicheka kwa pua. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango simu yake ilipoita. Aliyepiga alikuwa daktari wa timu ya Mnara, kutoka hospitali. Kocha alianza kuomba radhi, akakatizwa. Alisikiliza, akaacha kitasa, akakaa taratibu kwenye benchi kando ya zile soksi.

"Mfupa haukuvunjika," alisema alipokata simu, bila kumtazama Kisiki. "Ni sukari, ndiyo iliyokuwa ikiupa mdomo wake harufu ya matunda yaliyooza. Imepanda mpaka kipimo chao kimeshindwa kuisoma, na daktari anasema angeachwa uwanjani asingeimaliza mechi akiwa hai. Alimuuliza mbeba machela nani alimwambia wampime sukari kabla ya kitu kingine chochote, naye akamjibu kwamba ni wewe."