Nusu ya Pili

Mwanaheri alitaka kujua kama dodoso lake la kupima huzuni linaaminika. Aliyagawa maswali ishirini katika mafungu mawili, kumi ya mwanzo na kumi ya mwisho, akajumlisha alama za kila fungu. Kwa mtu mmoja, alama hizo zilipaswa kukaribiana. Kwa wote zilikaribiana, isipokuwa kwa Siwema, mshonaji wa nyuma ya soko. Katika nusu ya kwanza Siwema alikiri kwamba hapati usingizi na kwamba hutamani asiamke tena. Katika nusu ya pili alikuwa mtu mwenye furaha tele.

"Itoe karatasi yake," alisema Daktari Kibwana, msimamizi wake. "Alijaza ovyo, na inatuharibia kipimo."

Mwanaheri aliitazama karatasi. Hadi swali la kumi, alama za vema zilikuwa nyepesi. Kuanzia la kumi na moja, kalamu ilikandamizwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Hapo akakumbuka kwamba mume wa Siwema aliingia dodoso likiwa limejazwa nusu, akavuta kiti, akaketi nyuma ya mkewe.

"Hakujaza ovyo, daktari. Aliogopa."

"Utalithibitishaje hilo?"

Mwanaheri alichukua mkoba wake akaenda hadi kwa Siwema. Cherehani ilikuwa kimya, na mume alisimama mlangoni akitabasamu.

"Karibu, dada. Kuna maswali mengine?"

"Nimekuja kumwona Siwema."

"Niulize mimi. Yake yote nayajua."

Nyuma yake pazia lilisogea kidogo. Vidole vya mwanamke vikashika upindo wake, vikabaki hapo.